Gumzo la Ukoo: Fahim Ataka Kurudi Shela

Fahim: Assalamu alaikum nyote. Baada ya kushauriana na mke wangu, tumeazimia kuhama Nairobi tuje kukaa Shela, kijijini kwetu katika kisiwa cha Lamu, kwa kuwa tangu wakati wa korona, mwaka 2020, kazi yangu huifanya kwa kompyuta nikiwa nyumbani, na kodi ya nyumba huku inatushinda. Nia yetu ni kujenga katika kiwanja cha marehemu babu, kuchimba kisima kirefu kwa mashine na kufunga mota, ili tusimsumbue mtu kwa maji.

Ami Shee: Waalaikumu salaam, mwanangu. Karibu kwenu. Kuhusu kiwanja, warithi wote waridhie kwanza kwa maandishi, wala sidhani kama yuko atakayekukatalia. Kinachonitia wasiwasi ni hicho kisima. Maji matamu ya Shela ni mvua iliyozama katika vilima vya mchanga, nayo hunywewa mpaka mjini Lamu.

Zuhura: Naomba niongeze, Ami, kwa kuwa haya ndiyo niliyoyasomea. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake ndani ya mchanga. Na kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji hayo iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Mota ikiyashusha ya juu kwa nusu mita, chumvi nayo, baada ya muda, huweza kupanda kiasi cha mita 20, na kisima kirefu huifikia mapema kuliko hiki chetu kifupi cha kuteka kwa ndoo. Ikishaingia, kuizima mota hakutoshi, kwa sababu mchanga husafishwa na mvua tu, na kazi hiyo huchukua miaka.

Khalati Mwanaisha: Watu wa Takwa waliuhama mji wao kule kisiwani Manda katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji yao kuingia chumvi. Waliovuka wakaja kukaa hapa Shela. Sasa wanaotoka mijini wanatufuata kwa mota zao, baada ya kwisha kununua nyumba, hata ikawa vijana wetu wanaooa wanatafuta pa kupanga huko pembezoni mwa Lamu. Wewe, Fahim, simaanishi wewe; wewe ni mtoto wa hapa, na watoto wako wataongeza idadi katika chuo cha Kurani.

Fahim: Nimekuelewa, Khalati. Lakini familia ya watu watano, iliyozoea bomba, itaishi vipi kwa ndoo?

Zuhura: Kwa dari yako, yaani paa la nyumba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo dari ya mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 1,000. Jenga birika, yaani tangi la maji, chini ya ua wa nyumba, kama wenzetu wa kisiwa cha Pate walivyo na jabia zao za kukingia mvua, ulijaze wakati wa masika. Sharti dari iwe ya bapa na ipakwe chokaa. Makuti, ambayo wageni huyapenda kwa picha, hutoa maji ya rangi ya chai yenye kinyesi cha ndege. Shimo la choo nalo liwe mbali na kisima cha jirani, kwa kuwa mchanga hauzuii uchafu wote.

Ami Shee: Nitamuuliza fundi gharama ya birika. Saruji na mawe hupanda punda, basi usidhani bei itakuwa ya Nairobi.

Fahim: Nitatuma ramani mpya isiyo na kisima.

Khalati Mwanaisha: Na yule jirani mwenye bwawa la kuogelea, ambaye mota yake inanguruma usiku kucha, ataambiwa na nani?

Ami Shee: Nitamwendea mwenyewe baada ya Ijumaa. Fahim akifika tutarudi pamoja, maana yeye anaijua lugha ya watu wenye mabwawa.