Sidii ya Uncle JJ

*Shangazi Rehema:* Habari za jioni wapendwa. Nimefungua lile kasha la marehemu mama, nimekuta sidii ya filamu ya Uncle JJ. Kava limepauka ila sura ya Kanumba bado inaonekana. Nani ana deki nzima?

*Baraka:* Shikamoo shangazi. Kanumba ndiye nani?

*Shangazi Rehema:* Marahaba mwanangu. Jamani, mwambieni huyu mtoto.

*Mama Neema:* Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, wa mwaka 1984. Mwigizaji huyo tulimjulia kwenye maigizo ya kundi la Kaole, runinga ya ITV. Saa ya Kaole ikifika hakuna aliyekuwa anabaki barazani.

*Ba'mdogo Elia:* Wengi wanakumbuka sura tu. Mimi namheshimu kwa kazi ya nyuma ya kamera. Anatunga hadithi, anaongoza, halafu anaingia kuigiza mwenyewe. Enzi hizo tulikuwa tunakodi filamu za Wanaijeria tu. Yeye 2006 akacheza Dar 2 Lagos na Mercy Johnson, na baadaye Ramsey Nouah akaigiza naye Devil Kingdom, wote hao mastaa wa Nigeria. Kutoka Kaole mpaka kusimama na Ramsey, si kazi ndogo hiyo.

*Upendo:* Na watoto, ba'mdogo! Hapo kwenye Uncle JJ, Jennifer na Patrick ndio wanaokufanya ushindwe kuondoka. Yeye staa mzima anawaachia nafasi watambe. Filamu nyingi za kwetu mtoto anatokea kusalimia tu, basi.

*Baraka:* Yuko wapi sasa?

*Mama Neema:* Alifariki 7 Aprili 2012, usiku wa kuamkia Jumamosi ya Pasaka. Miaka 28 tu.

*Shangazi Rehema:* Asubuhi ile mama alikuwa anachambua mchele wa sikukuu, redio ikatangaza. Akaweka ungo chini, akakaa kimya muda mrefu. Jumanne tukaenda naye viwanja vya Leaders kuaga, jeneza hatukulifikia kwa wingi wa watu. Tukasimama barabarani mpaka msafara ukapita kwenda makaburi ya Kinondoni. Miguu ya mama ilikuwa imevimba na hakutaka kukaa.

*Ba'mdogo Elia:* Nakumbuka. Deki ninayo dada, Jumamosi naja nayo.

*Upendo:* Shangazi, hebu geuza kava. Bibi alikuwa anaandika nyuma akiazimisha.

*Shangazi Rehema:* Kweli mwanangu. Kalamu ya bluu: "Mali ya Mama Rehema. Irudishwe."