RimWorld: koloni lisilokula nyama, niwapikie nini watu 6 wafike mwisho wa baridi?

Dogo_Kihesa

Wakuu, heshima kwenu. Nacheza RimWorld, gemu ya kompyuta ya kujenga na kulisha koloni, pamoja na nyongeza yake ya Ideology. Imani niliyowaundia watu wangu inakataza nyama kabisa: mtu akiila anachafukwa na moyo, na wenzake wanamchukia. Nipo kwenye msitu wenye baridi, msimu wa kulima ni siku 30 tu kati ya zile 60 za mwaka. Watu ni 6. Jiko la umeme lipo, chumba cha baridi kipo, mpishi ana ujuzi wa 9.

Nawapikia mlo mzuri wa mboga kwa sababu unaongeza furaha 5. Shida ni kwamba ghala linashuka haraka kuliko ninavyovuna. Nimelima miraba 200 ya mpunga kwenye udongo wa kawaida, na wakulima wangu wawili wanashinda shambani mpaka kazi nyingine zimelala. Nishuke kwenye mlo wa kawaida, niongeze shamba, au kuna njia nyingine? Mlo wa kifahari nao nautamani maana unatoa furaha 12. Imani yao siibadilishi, hilo naomba lisijadiliwe.

Fundi_Umeme

Mkuu, weka mashine ya uji. Inachukua vipande 6 tu vya mazao na kutoa chakula chenye lishe sawa na sahani ya mlo wa kawaida, haihitaji mpishi, na uji wake hauwapi watu sumu ya chakula. Wataununia, furaha inashuka 4, lakini hakuna atakayekufa njaa. Hakikisha tu hakuna nyama kwenye mapipa yanayolisha mashine.

Mpishi_wa_Makorora

Mdogo wangu Kihesa, swali lako nalipenda kuliko yote kwenye gemu hii. Koloni zangu karibu zote hazichinji, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo. Mashine ya uji ni ya dharura, Fundi yuko sahihi kwa hilo, lakini usiwafanye watu waishi kwa uji wakati ardhi unayo.

Hesabu kwanza. Mtu mzima anatumia lishe 1.6 kwa siku. Kipande kimoja cha mpunga, kiazi au hindi kina 0.05. Mlo wa kawaida unameza vipande 10 na kutoa lishe 0.9. Mlo mzuri wenye nusu nyama nusu mimea unameza kiasi hicho hicho na kutoa 0.9 ile ile. Ila huu wa mboga tupu, ulioingia na toleo la 1.3 mwaka 2021, unadai vipande 15. Hapo ndipo ghala lako linapokwisha. Kwa watu 6, mlo wa kawaida ni kama vipande 107 kwa siku, huo wako ni 160. Kwa mwaka wa siku 60 hiyo ni 6,400 dhidi ya 9,600. Wa kifahari wa mboga unameza vipande 25 kwa sahani, yaani 14,400 kwa mwaka. Uache kwanza.

Sasa tazama shamba. Miraba 200 ya mpunga kwenye udongo wa kawaida, msimu wa siku 30, inakupa kama 6,000, tena ugonjwa wa mimea usipoingia. Hata kwa mlo wa kawaida haitoshi sawasawa. Lakini kabla hujaongeza miraba, badilisha zao. Mpunga unaiva kwa siku 5 na nusu hivi na kutoa vipande 6. Mahindi yanachukua karibu siku 21 na kutoa 22. Mavuno kwa siku hayapishani sana, ila mkulima wa mahindi amepanda mara moja na kuvuna mara moja, wakati wa mpunga amezunguka shamba lile lile karibu mara nne. Wakulima wako wanashinda shambani kwa sababu hiyo, si kwa ukubwa wa shamba. Panda mahindi mara tu hali ya hewa inaporuhusu. Ukichelewa siku 10 baridi itayakuta hayajakomaa. Ukishayavuna, siku zinazobaki zinatosha mpunga wa mkupuo mmoja juu ya ardhi ile ile. Mpunga mwingine upeleke kwenye udongo wenye rutuba, kwani unafaidi rutuba kuliko viazi. Viazi ndivyo vya kuweka kwenye changarawe.

Mahindi yana faida nyingine: yanakaa siku 60 nje ya baridi bila kuoza. Mpunga 40, viazi 30. Chakula kilichopikwa ni siku 4 tu. Kwa hiyo usipike lundo, mwambie mpishi aishie sahani 12 tayari, mengine yabaki mabichi ghalani. Mlipuko wa jua ukizima umeme, mahindi hayana habari.

Nakuja kwenye kitoweo. Gemu hii haina maharage, haina kunde, haina mbaazi, na kwa mtu wa kwetu hilo linauma, maana mlo usio na nyama kwetu unasimama juu ya maharage. Hapa nafasi hiyo inashikwa na yai. Yai moja la kuku lina lishe 0.25. Sehemu ya nyama kwenye mlo mzuri wa mchanganyiko ni 0.25 kamili. Yai moja, vipande 5 vya mahindi, sahani imekamilika na furaha 5 iko palepale! Gemu haihesabu yai wala maziwa kuwa nyama, watu wako hawatalalamika. Nenda jikoni, chagua mlo mzuri wa mchanganyiko, si ule wa mboga, fungua orodha ya viungo, ondoa alama kwenye nyama zote, acha mayai na maziwa. Ukipata matetea 11 au 12 wanaotaga vizuri, matumizi ya mazao jikoni yanashuka kutoka 160 kwa siku hadi 53 hivi.

Wakati unajenga hilo banda, pika mlo wa kawaida bila hofu, lakini meza na viti viwepo. Mtu akila bila meza anapoteza furaha 3, na chumba cha kulia kizuri kinaongeza furaha bila kugusa ghala hata kidogo. Kwa kuwa huchinji, meza ya kuchinjia iondoe kabisa karibu na jiko. Uchafu wake ndio unaoongeza sumu ya chakula.

Beseni_Tu

Dada Makorora nakuheshimu, ila kuku wakati wa theluji wanataka majani makavu, na hayo pia yanakula ardhi na muda wa wakulima. Mimi naweka mabeseni ya haidroponiki, yaani ya kulimia ndani bila udongo. Rutuba yake ni 280%, mpunga unaiva kwa siku 2 hivi, beseni moja lina mimea 4. Mabeseni 9 yanatosha mlo wa kawaida kwa watu 6, baridi au joto. Umeme ni wati 70 kwa kila beseni, na taa ya jua moja, ile ya kumulikia mimea ndani, wati 2,900.

Mpishi_wa_Makorora

Beseni_Tu, yote uliyosema ni kweli, lakini umeme ukikatika mimea ya kwenye mabeseni inaanza kufa. Mtu wa siku 30 za kulima asitegemee hayo peke yake. Akiwa na mahindi ghalani kwanza, mabeseni baadaye ni heri.

Dogo_Kihesa

Dada, shukrani sana. Nimebadilisha mapishi, na shamba nimeligawa kama ulivyosema. Mfanyabiashara wa msafara ameniuzia matetea 4 na jogoo 1. Jogoo sitaki kumchinja, lakini naogopa vifaranga wakizidi.

Mpishi_wa_Makorora

Jogoo unamhitaji kwa sasa, usimuuze. Kwenye orodha ya viungo ondoa pia mayai yenye mbegu, na usiyapeleke kwenye chumba cha baridi, yakiganda yameharibika. Yaache yaanguliwe mpaka matetea watimie 12. Vifaranga wa kiume wauze kwa misafara wakikua. Halafu mjengee jogoo zizi lake la pili lenye nguzo ya alama inayolitambulisha kuwa zizi, umhamishie huko. Mayai yatakayofuata yatakuwa ya kula tu, na kundi halitaongezeka. Majani makavu anza kuyalima sasa, usingoje theluji.