Mama amepitiwa na siku 120 za kukata rufaa ya mafao ya mjane wa askari wa Marekani. Afanyeje?

Binti wa Kiboriloni, Moshi

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Naandika kwa niaba ya mama yangu, mjane mwenye umri wa miaka 71. Marehemu baba alilitumikia jeshi la Marekani kabla ya kurudi nyumbani, na alipofariki mama aliomba mafao ya mjane kwa maelezo kwamba maradhi yaliyomuua yalitokana na utumishi wake. Bodi ya Rufaa za Maveterani ilimkatalia kwa uamuzi uliogongwa muhuri wa tarehe 14 Machi, ukimpa siku 120 za kukata rufaa mahakamani.

Tarehe 2 Aprili mama alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli, akalazwa hadi tarehe 19 Julai. Ufunguo wa sanduku la posta alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga, nasi kanga ile tuliikunja tukaiweka kabatini bila kuikagua. Niliuona tarehe 3 Agosti nilipoitoa kwenda kuifua, na bahasha niliikuta chini kabisa ya bili za maji. Muda uliisha tarehe 12 Julai na leo ni tarehe 9 Agosti. Je, kuna njia yoyote iliyobaki?

Wakili wa Sekei, Arusha

Pole sana binti, na umpe mama pole zetu. Mimi si mtaalamu wa sheria za Marekani, lakini katika mahakama zetu anayeomba kuongezewa muda hutakiwa kutoa hesabu ya kila siku aliyochelewa, na Mahakama ya Rufani imelirudia jambo hilo mara nyingi. Nakushauri uandae hati ya kiapo inayoeleza siku zote 28, pamoja na hizo 15 tangu mama aliporuhusiwa hadi ulipoupata ufunguo, kisha ndipo upeleke rufaa ikiwa imekamilika.

Mzee wa Njiro, Arusha

Kwa heshima zote kwa Wakili, hapo kwenye kusubiri hadi karatasi zikamilike sikubaliani naye. Nimewasaidia jamaa kadhaa katika madai ya namna hii, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua shauri la David Henderson, askari wa vita vya Korea aliyeugua maradhi ya akili na kuchelewesha rufaa yake kwa siku 15. Mahakama ya chini ilikuwa imeitupa ikisema haina mamlaka ya kuisikiliza, lakini majaji walisema ukomo wa siku 120 hauiondolei mahakama mamlaka. Henderson mwenyewe alifariki mwaka 2010 kabla ya hukumu, na aliyeliendeleza shauri hadi mwisho ni mjane wake.

Tangu hapo mahakama ya maveterani inaweza kuongeza muda iwapo mwombaji ataonyesha kwamba alikuwa na tatizo lisilo la kawaida, kwamba tatizo hilo ndilo lililomchelewesha, na kwamba alifanya bidii iliyowezekana. Zaidi ya hayo, mwaka 2014, katika shauri la mwombaji aliyekuwa hana makazi, ilikubaliwa kwamba siku husimama kuhesabiwa wakati wa tatizo na kuendelea linapokwisha. Mama alikuwa ametumia siku 19 tu alipougua. Mahakama ikikubali kwamba siku za kulazwa zisihesabiwe, zilizobaki ni 101 kuanzia tarehe 19 Julai, yaani hadi tarehe 28 Oktoba. Hata hivyo usiitegemee tarehe hiyo. Notisi ya rufaa ni karatasi fupi, itumeni leo, na vielelezo vifuate.

Msiitume kwa posta. Muhuri unaohesabiwa kuwa siku ya kupokelewa ni wa posta ya Marekani peke yake, kwa hiyo barua ya kutoka Moshi huhesabiwa siku inapofika. Mahakama hupokea notisi kwa barua pepe.

Jambo linalowaangusha wengi ni barua ya daktari. Isitaje kiharusi tu. Iseme bayana kwamba kati ya tarehe fulani na fulani mama hakuweza kushughulikia mambo yake mwenyewe.

Wakili wa Sekei, Arusha

Nashukuru kwa kunirekebisha, Mzee. Je, akikataliwa?

Mzee wa Njiro, Arusha

Ipo njia ya dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika. Likipelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu uamuzi wa Bodi, yaani kabla ya tarehe 14 Machi ijayo, tarehe ya awali ya dai inalindwa. Likipita hapo bado litapokelewa, ila malimbikizo ya nyuma yatapotea. Hapo msitegemee huruma ileile, maana mwaka 2023, katika shauri la Arellano aliyechelewa kudai baada ya kuacha jeshi, Mahakama Kuu Kabisa ilikataa kuongeza muda unaohusu tarehe ya kuanza malipo.

Binti wa Kiboriloni, Moshi

Mungu awabariki. Notisi nimeituma saa tatu usiku huu, mama ametia dole gumba kwa sababu mkono wa kulia bado haujarudi. Kesho asubuhi naenda kwa daktari, na maneno ya Mzee nimeyanakili ili nimsomee kama yalivyo.