Naomba ushauri: mdogo wangu anashikwa na kifafa akicheza drafti

Habari za majukumu wakuu.

Mdogo wangu ana miaka 19. Tangu mwaka jana ameanguka kifafa mara nne. Mara tatu alikuwa kwenye drafti, mchezo umekaza, anawaza kete ya kusogeza. Mkono wa kulia hurushwa ghafla, kete zinamwagika, kisha anaanguka. Mara ya nne ilikuwa kwenye mtihani wa hesabu. Akicheza mpira au akiangalia televisheni hapatwi na kitu.

Asubuhi pia mikono humshtuka, kikombe cha chai kinamponyoka, hasa kama alikesha. Hili hatukumwambia daktari, hatukujua kama linahusiana. Linaniuma sana.

Hospitali walimwandikia kabamazepini. Huu ni mwezi wa tatu, hakosi dozi, lakini ile mishtuko ya asubuhi naona imezidi. Kipimo cha umeme wa ubongo bado hajafanyiwa. Nyumbani wengine wanasema karogwa na wapinzani wake wa drafti. Mimi sikubali, ila mama ameanza kuyumba.

Dawa hatutaikatisha wenyewe, najua kuacha ghafla ni hatari. Wiki ijayo tunarudi kliniki.

Naomba kujua: kuna aliyeuguza mtu anayeshikwa akifikiri sana, na je, mishtuko ilizidi kwa kabamazepini hadi akabadilishiwa? Na siku ya kipimo, tuombe apewe hesabu au drafti palepale ili tatizo lionekane?

Natanguliza shukrani.