Tupeane uzoefu: Songkran ilikukutia wapi?

Wakuu, nimeona watu wanamwagiana maji Bangkok kwa Songkran, mwaka mpya wao wa jadi, nikakumbuka mbali. Mliopita Thailand tarehe 13 hadi 15 Aprili, kwa mzigo au kwa kazi, mwageni.

Mzee wa Mabelo: Naenda Pratunam, eneo la soko Bangkok, kubadili dola, nimepanda bodaboda yao, wale wa vizibao vya chungwa. Kwenye taa ikasimama pikapu, nyuma pipa la maji lina mabonge ya barafu. Nanyoosha mikono kuomba amani, wao wanadhani nafurahia. Ndoo nzima kifuani! Binti akashuka akanipaka ule udongo mweupe mashavuni, kwa adabu kabisa. Dola ziko kwenye kibegi cha kiunoni. Dirisha la kwanza wakazikataa, la pili wakazikataa: zimelowa, zina madoa. Mama wa nyumba ya wageni akazibana mojamoja kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kando ya soksi zangu, akawasha feni, akaweka kiti chini yake akalinda. Mtaji wote unapepea!

Kijukuu: Kando ya soksi 😂😂

Mpita Njia: Zilipokelewa?

Mzee wa Mabelo: Kesho yake, tena kwa kununa.

Mjuaji: Chai. Mwaka mpya wao ni Januari mosi.

Ticha wa Kaskazini: Serikali ilihamishia Januari tangu 1941, ila watu wanarudi kwao Aprili. Halafu nyie wa Bangkok mmeona fujo tu. Huku Chiang Mai asubuhi tulipanga foleni kwa bibi wa mwenzangu wa kazini, kila mmoja anammiminia viganjani maji yenye asumini, taratibu, naye anatuombea heri. Mchana ndiyo wanachota maji ya mfereji unaozunguka mji wa kale. Fumba mdomo!

Mlokole: Na sanamu za Budha je, uliosha?

Ticha wa Kaskazini: Uzi wa uzoefu huu. Mahubiri yana jukwaa lake.

Dada wa Kago: Kweli kabisa, nililowa hadi pasipoti. Simu weka kwenye mfuko wa plastiki shingoni. Pikipiki usiguse, kipindi hicho wenyewe wanakiita siku saba za hatari, walevi wamejaa barabarani.

Kijukuu: Pikipiki hiyohiyo, teksi utalala kwenye foleni.

Mpita Njia: Nunua bunduki ya maji, jibu mapigo. Watawa tu ndio usiwalenge.

Mjuaji: Au kaa chumbani na mikate.

Dada wa Kago: Mzee, hiyo nyumba ya wageni iko mtaa gani? Nina safari Aprili.