Mfumo wa wakulima usipokelewe kabla dhana zake hazijaandikwa: mnaonaje?

Mleta mada (Mtwara Mjini): Wakuu, msanifu wa mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wakulima wa korosho huanza kwa kudhani mambo. Shamba moja, mwenye mmoja. Kila mkulima ana simu. Ghalani mtandao upo. Lakini mikorosho aliyoacha mzee inaweza kuvunwa na ndugu watatu, na korosho za mama mjane zikapelekwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa jina la mwanawe. Mfumo hautalalamika. Utashika jina moja, ugomvi uje siku ya malipo. Mtandao nao tuliuona Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu.

Nasema hivi: mfumo unaolipwa kwa fedha za umma au makato ya wakulima uje na dhana zake kwa Kiswahili, kurasa mbili, zisomwe mkutano mkuu wa chama kabla ya malipo ya mwisho.

Mchangiaji (Nachingwea): Mkuu, mimi naandika programu. Nyaraka hizo hakuna anayezisoma. Msimu ukifunguliwa Oktoba watu wako mbioni; bora muda huo tuujaribu mfumo.

Mleta mada: Kutosomwa nakubali, ndiyo maana nikasema kurasa mbili. Lakini oneni dhana isiyoandikwa panapostahili inavyoponza: roketi ya Ariane 5 ilisambaratika tarehe 4 Juni 1996, hata sekunde 40 hazijatimia tangu iruke. Sehemu ya programu yake ilitoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ambako wasanifu walikubaliana kwamba kasi ya kwenda upande haiwezi kuzidi namba inayoenea kwenye biti 16, yaani nafasi ndogo ya kuhifadhi namba kwenye kompyuta. Kwa Ariane 4 ilikuwa kweli. Ariane 5 ikaizidi. Tume ya uchunguzi ilikuta sababu ya uamuzi ule haimo ndani ya programu, imepotelea kwenye rundo la nyaraka. Kwa hiyo kila dhana iandikwe pale inapofanya kazi, pamoja na dalili ya kwamba si kweli tena na jina la atakayeiangalia. Majaribio peke yake hayatoshi: aliyedhani shamba lina mwenye mmoja hatajaribu la wenye watatu.

Mchangiaji (Lindi): Mimi ni mjumbe wa bodi ya AMCOS. Tukisomewa tukanyamaza, kesho mkandarasi atasema tuliridhia, na gharama za marekebisho zitakuwa zetu. Hilo umeliweka wapi?

Mleta mada: Liwe kwenye mkataba, dada. Dhana iliyoandikwa na mkutano ukaikubali, marekebisho yake yatalipiwa na chama. Ambayo mkandarasi hakuiandika, alipe yeye.