Tupeane uzoefu: Upepo wa baridi ulikukutaje kwenye bahari ya joto?

Zamu ya Usiku

Wakuu, habari za huko mlipo. Uzi huu ni wa mabaharia na wavuvi wa bahari kuu, na yeyote aliyewahi kulala akiwa amejifunga kitandani ili asidondoke.

Vimbunga tumeshavizungumza sana. Kimbunga kina jina na kinatangazwa, nahodha anakikwepa mapema. Leo nataka tusimuliane kuhusu kitu kisichopewa jina: fronti, ule mpaka ambapo hewa nzito ya baridi inaisukuma hewa ya joto. Kwenye ramani ni mstari wa buluu wenye meno. Wengi tunaamini huo mstari ni wa wenzetu wa bahari za baridi. Mimi niliamini hivyo hadi Ghuba ya Tehuantepec.

Ilikuwa Desemba. Tulitoka Panama tukipanda na pwani ya Pasifiki ya Meksiko, meli tupu, imeelea juu kama debe. Usiku ule anga lilikuwa safi, nyota zimeshuka mpaka kwenye upeo wa bahari. Hakuna wingu, rada haina mvua hata tone. Mnamo saa saba usiku upepo wa kaskazini ukatupiga ubavu wa kulia. Haikufika saa nzima ulikuwa umetoka noti 10 (maili za baharini kwa saa) ukafika 45, anga likiwa safi vilevile! Meli ikaanza kulala upande, vitabu vyote vya darajani, pale tunapoongozea meli, vikamwagika. Kilichonishangaza zaidi ni fundi wa zamu kupiga simu kutoka chumba cha injini akiuliza tuko wapi, kwa sababu maji ya bahari anayovuta kupoozea mitambo yalikuwa yamepoa ghafla.

Fronti yenyewe haikuwa hata kwenye bahari yetu. Ilikuwa upande wa pili wa nchi kavu, Ghuba ya Meksiko. Hewa baridi inayoifuata ikijaa nyuma ya milima ya Sierra Madre hutafuta upenyo, na upenyo ni mmoja, njia ya Chivela. Hapo inabanwa na kutoka kwa kasi, inayafagia maji ya joto ya juu na kuyapandisha ya chini yaliyo baridi. Ndiyo yale aliyoyaona fundi. Msimu wake hasa ni Oktoba mpaka Aprili. Vyombo vidogo hupita hapo vikibana pwani kabisa, maana karibu na nchi kavu upepo ni mkali lakini mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Sisi tulikuwa mbali na pwani.

Wewe dalili yako ya kwanza ilikuwa ipi?

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, umeelezea vizuri. Ila mimi anga sikuliamini tangu ujana, niliamini barometa. Na barometa ya maji ya tropiki ina tabia yake ambayo vijana wengi hawafundishwi: inapumua. Mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata kama hali ni shwari. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna bahati, kukumbuka ni rahisi: saa nne iko juu, saa kumi iko chini, mchana na usiku. Kijana asiyejua hilo ataogopa saa kumi jioni bila sababu. Vibaya zaidi, saa nne asubuhi atatulia wakati anatakiwa kuogopa.

Yalinikuta Julai moja, Mlango wa Msumbiji upande wa kusini, tukishuka. Upepo mwanana wa kaskazini mashariki, joto, watu wamevua mashati. Saa nne asubuhi nikaitazama barometa. Haikuwa imepanda. Haikuwa imeshuka pia, imekaa tu palepale. Afisa wangu akasema, "Mzee, iko sawa, haijashuka." Nikamwambia saa hizi isipopanda imeshuka. Kanuni niliyolelewa nayo ni kulinganisha na kawaida ya saa ile: ikipungua hektopaskali 3 (kipimo cha mgandamizo) fungua macho, ikipungua 5 jiandae kwa dhoruba.

Tulifunga kila kitu. Alasiri upepo ukafa kabisa, kimya ambacho sikipendi mpaka leo. Halafu kusini magharibi pakaja ukanda mweusi wa wingu, na upepo ukageuka kama mtu aliyeitwa jina. Mkondo wa pale unakwenda kusini, upepo sasa unatoka kusini: vikikutana uso kwa uso wimbi halirefuki, linasimama. Mbele zaidi, kwenye mkondo wa Agulhas kando ya Afrika Kusini, ndipo pabaya kuliko pote. Meli ya abiria Oceanos ilizama huko Agosti 1991 kwenye bahari ya namna hiyo, na kwa rehema za Mungu watu wote 571 waliokolewa. Upepo wa kusini magharibi ukikukuta huko, ingia upande wa pwani wa mstari wa kina cha mita 200 kama njia inaruhusu. Nje ya hapo ndiko mkondo unakokimbia.

Mpishi wa Ngama

Naomba niseme la jikoni. Nyinyi wa darajani mnajua saa sita kabla, mimi najua sufuria ikiruka. Niliwahi kuungua mkono mzima wa kushoto kwa maji yaliyokuwa yanachemka, na nilipouliza nikaambiwa onyo lilikuwa limefika tangu asubuhi. Hakuna aliyenikumbuka. Kovu ninalo.

Nanga Mbili

Pole sana kaka Mpishi.

Kwangu dalili ilikuwa ukungu. Tulikuwa nangani nje ya mdomo wa Mto Mississippi, Januari, tunasubiri rubani wa kutuingiza mtoni. Siku mbili upepo wa kusini wenye unyevu, na maji ya karibu na pwani majira yale yamepoa, kwa hiyo hewa ya joto ikiyagusa inageuka ukungu. Omo ya meli huioni. Honi usiku kucha. Sote tukawa tunaomba ukungu uondoke.

Uliondoka kweli. Ilikuja mvua ya radi, kisha upepo ukaruka kutoka kusini hadi kaskazini magharibi, na ndani ya dakika chache tukaona taa za meli zote zilizotuzunguka, karibu kuliko tulivyodhani. Baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa. Meli zote zikageuka pamoja kwenye minyororo yao, na yetu ikaanza kukokota nanga. Tulikuwa tumetoa mnyororo mita 165. Nahodha alikuwa ameagiza injini iwe tayari tangu jioni, hilo ndilo lililotuokoa tusimwangukie jirani.

Mwanagenzi

Shikamooni. Swali: nimesoma kwamba fronti ikisogea kwenye maji ya joto inakufa. Sasa upepo unatoka wapi?

Zamu ya Usiku

Marahaba. Inakufa kwa maana ya baridi: hewa inapashwa joto na bahari, tofauti ya nyuzi joto inapotea. Lakini mgandamizo mkubwa ulioko nyuma yake bado unasukuma. Karibiani nimeshapita mahali ambapo hakuna baridi yoyote, ila ukivuka ule mstari upepo wa kaskazini mashariki unaruka mara moja. Halafu hewa baridi juu ya maji ya joto haitulii, inapikika kutoka chini, na upepo mkali wa juu unashushwa mpaka usawa wa bahari. Ndiyo maana unakuja kwa vishindo.

Tezi

Mimi nimekuja na namba moja tu. Utabiri ukisema mawimbi mita 3, hiyo ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili yake. Nilikuwa sijui. Nilimruhusu baharia atoke sitahani kukaza minyororo ya shehena kwa sababu "mita 3 tunazimudu". Tukaletewa moja ambayo sitaisahau. Alivunjika mfupa wa bega, na tulikuwa siku nne kutoka bandari yoyote. Nilimlisha kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo nikisoma 3 naandika 6 kwenye ubao wa darajani kabla mtu hajafungua mlango.

Mpishi wa Ngama

Ndugu Tezi, hiyo 6 iandikeni na kwenye ubao wangu.